Tai Kumi na Nne Ndani ya Chemba

Nimeshatoa vitu vingi kwenye mabomba ya vyoo. Simu. Vijiko. Mswaki. Siku moja nilitoa meno ya bandia, na mwenyewe akayapokea kwa mikono miwili akashukuru.

Lakini hakuna kitu kilichowahi kunitia kinyaa kama tai.

Ndiyo, tai. Hii hii ya kuvaa shingoni.

Na haikuwa moja.

Mimi ni fundi bomba. Na ni mwanamke. Ukimaliza kushangaa tuendelee.

Haya yalinikuta nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Chuo chetu kilikuwa na sura mbili. Mbele, kwenye vigae na maua, walisoma ukatibu na mapokezi. Nyuma, karibu na mapipa ya taka, tulikuwa sisi: mabomba, useremala na kuchomelea vyuma.

Darasani kwetu tulikuwa tisa, msichana peke yangu. Wenzangu walinibatiza Koki, kwa sababu mdomo wangu ukifunguka haufungiki.

Nyumbani nilikuwa naishi na mama mdogo. Mama mzazi alifariki nikiwa darasa la nne, na tangu siku ile mama mdogo hajawahi kuniita mtoto wa dada yake. Ananiita mwanangu, basi. Ni fundi cherehani, anashonea barazani, na futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akiwa anapika.

Sasa, muhula ule chuo kikaletewa mlezi mpya wa wanafunzi.

Tulimwita Bwana Pasi. Mstari wa suruali yake ungeweza kukata nyanya. Marashi yake yaliwahi kufika kabla yake, na akipita upande wetu wa nyuma alitoa kitambaa akaziba pua. Hata siku ambazo hatunuki!

Wiki ya kwanza tu, akabandika tangazo:

KUANZIA WIKI IJAYO, KILA JUMATANO WANAFUNZI WOTE WATAVAA NGUO ZA KAZI. ATAKAYEKIUKA HATAINGIA DARASANI.

Jamani, tulivyofurahi!

Tukasema huyu mtu tulimdhania vibaya. Kumbe anathamini kazi. Nikafua ovaroli yangu mara mbili. Mama mdogo akaitia kiraka kipya gotini, akaipiga pasi, akanigeuza mbele na nyuma kama bibi harusi.

"Pendeza, mwanangu. Kazi ni heshima."

Jumatano asubuhi tukatokea wote tisa, ovaroli zinameta. Maseremala na aproni zao. Wachomeleaji na makoti yao ya ngozi na miwani kipajini.

Tukakuta upande wa mbele wamevaa suti.

Bwana Pasi akasimama mbele yetu. Akatutazama kuanzia juu hadi chini, kisha chini hadi juu, kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu.

"Hiki ni nini?"

"Nguo za kazi, mwalimu," nikajibu. Koki, nani mwingine?

"Nguo za kazi?"

"Ndiyo. Kama tangazo lilivyosema."

Upande wa mbele wakaanza kucheka. Yeye hakucheka.

"Nguo za kazi ni shati jeupe, suruali au sketi nyeusi, viatu vya kufunika. Hayo mliyovaa ni magwanda ya vibarua."

"Kwani kibarua si kazi, mwalimu?"

Kicheko kikaongezeka. Masikio yake yakawa mekundu. Akanyoosha kidole kwenye jengo dogo la nyuma ya jiko.

"Asiye na nguo za kazi aende stoo akaazime. Sasa hivi."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana sitaki kumsingizia mtu.

Stoo ile lilikuwa wazo zuri. Nasema kweli kabisa. Ilianzishwa miaka mingi nyuma, watu wenye moyo wakaleta nguo zao nzuri ili mwanafunzi asiye na shati la kuendea usaili asikose kazi kwa sababu ya shati. Unaingia, unachagua, unavaa, unafua, unarudisha. Hakuna wa kukuuliza.

Aliyeitunza alikuwa mama wa stoo, mtu mzima, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini kana kwamba nguo zimelala.

Alinipa shati jeupe na suruali nyeusi iliyonitosha. Nikataka kutia mkono mfukoni. Mkono ukagonga ukuta.

"Mama, mifuko iko wapi?"

"Imeshonwa, mwanangu. Mwalimu mpya anasema mikono mfukoni ni uhuni."

"Suruali zote?"

"Zote za stoo."

Za stoo tu. Wenye suruali zao wahuni waendelee na uhuni wao.

Kisha akafungua sanduku la karatasi, akatoa tai.

Ilikuwa ya rangi ya chungwa. Tena siyo chungwa la kuonea haya. Chungwa la koti la mtu anayeongoza magari barabarani.

"Hii ya nini?"

"Ni lazima kwa kila anayeazima. Mvulana kwa msichana."

"Mbona wale wa mbele hawana?"

Mama wa stoo akawa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Anasema ni ili nguo za chuo zisipotee. Ili mjulikane."

Nikaigeuza ile tai. Kwa ndani ilikuwa imetariziwa namba kwa uzi mwekundu. Na pale uzi ulipoishia, sindano ilikuwa imerudi nyuma mara tatu.

Nikapitisha kidole juu yake.

Duniani ninamjua mtu mmoja tu anayerudi nyuma mara tatu.

Nikakumbuka. Wiki moja nyuma mama mdogo alinipokea mlangoni akicheza, futi inaruka shingoni. "Chuo chenu kimenipa kazi! Tai, na mifuko ya suruali! Nimewaambia hizi hazitafumuka hata mkizifungia ng'ombe!"

Sikujua ni tai za nini. Na yeye hakujua. Hakuna aliyemwambia.

Jioni ile nikarudi nayo nyumbani. Kuiona tu akapiga makofi.

"Ndiyo hizi! Kumbe wewe pia umepewa? Watu wema sana hawa."

"Sana, mama."

Akaninyooshea fundo shingoni. "Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini hii nimeishona mimi. Hii itakusitiri."

Nikacheka. Nilipoingia chumbani nikakaa kitandani nikaing'ang'ania ile tai mpaka kiganja kikauma. Ningemwambia nini?

Haikupita wiki, jina likaja. Machungwa.

"Machungwa yameiva leo!"

"Sogea kidogo, chungwa, nipite."

Kulikuwa na kijana wa useremala tuliyemwita Mpole. Mtu asiyeweza kumfukuza nzi bila kumwomba radhi. Alikuwa na mkono wa dhahabu, droo aliyoitengeneza yeye unaifunga kwa kidole kimoja. Siku moja Bwana Pasi akaingia darasani kwao, akatafuta wa kufuta ubao, akasema, "Wewe, chungwa."

Mwalimu! Mlezi wa wanafunzi! Aliyeajiriwa kulea!

Mpole akasimama akafuta ubao. Mimi niliposimuliwa nilitema mate chini, na siyo kwa mfano, nilitema kweli.

Kinyaa nilichokuwa nacho hakikuwa cha umaskini. Umaskini naujua, tumekula nao sahani moja. Kilikuwa cha mtu kukupa shati kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akakuandika mgongoni kwamba huna shati.

Basi, ikafika siku ya waajiri.

Naomba muelewe uzito wa siku ile. Ili upate cheti, lazima ufanye miezi sita ya mafunzo kazini. Ili ufanye mafunzo, lazima mwajiri akuchague. Na kwa watu wa upande wa nyuma zilikuwepo nafasi kumi, sisi tukiwa zaidi ya arobaini. Ukikosa, unarudi mwakani. Na mimi mwakani sikuwa nayo, kwa sababu macho ya mama mdogo yalikuwa yameanza kumchezea. Siku hizo nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano, kila asubuhi sindano sita, kabla sijaondoka.

Kazi ile nilikuwa naihitaji kuliko hewa.

Siku moja kabla, Bwana Pasi akatukusanya.

"Kesho wageni watakuja na wapiga picha. Wenye tai za chungwa mtakaa mabenchi ya nyuma kabisa, kushoto. Mtaitwa mwisho."

"Kwa nini mwisho, mwalimu?" nikauliza.

"Kwa sababu ya picha."

Alisema hivyo hivyo, bila haya, kama anasema kwa sababu ya mvua.

Asubuhi yenyewe, chuo kikafagiliwa mpaka kikashangaa. Nje ya ukumbi kuna vyoo vitatu vya kuchuchumaa, na kila mmoja wetu alipita huko kabla ya kuingia. Woga una mambo yake. Mlangoni alisimama mlinzi, kazi yake kuelekeza: tai ya chungwa, nyuma kushoto, asiye nayo, keti popote.

Wageni wakaanza kuingia. Mkuu wa chuo akasimama kuwakaribisha.

Kabla hajasema neno la tatu, harufu ikafika.

Mwanzoni watu walitazama viatu vyao, kila mtu akidhani ni yeye. Kisha maji yakatokea chini ya mlango wa pembeni. Yalikuja polepole, bila aibu, yakiwa na vitu ndani yake ambavyo sitavitaja kwa sababu huenda unasoma hii ukiwa mezani.

Bwana Pasi alitoka mbio na kitambaa puani. Mimi nilikuwa benchi la karibu na mlango. Kidole chake kikaniangukia.

"Wewe! Si wewe wa mabomba?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nje! Kazibue! Na ubadilishe kwanza, usije ukachafua nguo za chuo!"

Nikainuka. Nikatazama meza ya waajiri. Nikajua nafasi yangu inaondoka nikiwa nimeipa mgongo. Nani atamchagua mtu ambaye hayupo? Asiyekuwapo na lake halipo.

Lakini pia maji machafu yalikuwa yanaelekea kwenye miguu ya watu. Na mimi ni fundi bomba.

Nikavua nguo za stoo, nikavaa ovaroli yangu yenye kiraka gotini. Nikachukua glavu, ndoo, na ule waya mrefu wa kuzibulia. Nikazunguka nyuma.

Chemba ni shimo lenye kifuniko ambako mabomba ya vyoo hukutana. Nikafungua ya juu, imejaa hadi shingoni. Nikafungua ya chini, kavu. Kwa hiyo kitu kimekwama katikati.

Nikaingiza waya.

Bomba lina lugha yake. Karatasi inakubali, ukisukuma inaachia. Mzizi unakataa, unagonga. Kitambaa kinavuta. Unakisukuma nacho kinakuvuta, kama mtoto anayegombea blanketi.

Hiki kilikuwa kinavuta.

Nikazungusha, nikavuta. Nikazungusha, nikavuta. Mkono uko ndani hadi begani, uso umegeukia pembeni, napumua kwa mdomo. Kikatoka.

Mwanzoni sikujua ni nini. Kilikuwa kirefu, kimevaa uchafu wote wa chuo kizima. Nikakimwagia maji ya ndoo.

Chungwa.

Nikavuta tena. Ikaja ya pili, imeshikana na ya tatu. Ya nne na ya tano zimesukana kama nywele. Kila nilipodhani nimemaliza, waya ukaleta nyingine. Nikawa nazipanga kwenye zege moja moja.

Kumi na nne.

Ya kumi na nne ilipotoka, maji yakashuka kwa kishindo, na chuo kizima kikavuta pumzi.

"Ni nini?" Bwana Pasi alikuwa amesimama mbali, hatua kumi hivi, kitambaa puani.

"Tai."

"Tai gani?"

"Zako."

Nikaona uso wake ukibadilika, ukawa na furaha. Naapa, ilikuwa furaha. Furaha ya mtu aliyenasa panya.

"Zina namba! Kila tai ina namba, na daftari ninalo! Soma namba! Aliyefanya hivi hapati nafasi, hapati cheti. Soma!"

Nilikuwa nimepiga magoti, tai moja mkononi. Namba ilikuwa inaonekana wazi kabisa, nyekundu vile vile. Kazi ya mama mdogo haifumuki.

"Hazisomeki, mwalimu. Zimechafuka."

"Zisafishe!"

"Njoo uzitazame mwenyewe."

"Mimi? Nije huko?"

"Ni hatua kumi tu, mwalimu," sauti ikasema nyuma yetu.

Tukageuka wote.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, viatu bapa, kadi ya mgeni kifuani. Alikuwa amekuja kutafuta choo akatukuta. Hakuwa ameziba pua. Alisogea hadi ukingoni mwa chemba akachungulia ndani kama anachungulia sufuria.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ulijuaje pa kuzibua?"

"Ya juu imejaa, ya chini kavu. Nikajua kimekaa hapa kati."

"Na ulijuaje ni kitambaa?"

"Kilikuwa kinavuta."

Akatikisa kichwa taratibu. Baadaye ndipo nilipojua yeye ni msimamizi wa mafundi katika hospitali kubwa, na mafundi bomba kumi na wawili wako chini yake.

Bwana Pasi akakimbilia kuomba radhi, bado yuko kule kule mbali.

"Mgeni wetu, utusamehe sana kwa hali hii. Leo wanafunzi wetu wote wamevaa nguo za kazi isipokuwa huyu."

Yule mama akanitazama. Ovaroli, glavu, kiraka, uchafu hadi begani. Kisha akamtazama yeye.

"Na hizi alizovaa ni nguo za nini? Za harusi?"

Bwana Pasi akafungua mdomo, kitambaa kikamwingia.

"Hizi tai je?" mama akaendelea.

"Ni za... ni utaratibu wetu wa kusaidia wanafunzi wenye uhitaji. Tunawaazima nguo."

"Vizuri. Na mbona zote ni rangi moja?"

"Ili tuwatambue."

"Akina nani?"

"Wanaoazima."

"Ukishawatambua, inakuwaje?"

Nilisikia maji yakipita ndani ya bomba, mazuri, yanakwenda yanakotakiwa.

"Nakuuliza, mwalimu. Mtoto wa watu umempa shati. Ukishamtambua kwa tai, yeye anapata nini cha zaidi?"

Bwana Pasi akaona ni heri arudi kwenye namba. Huko ndiko alikokuwa na nguvu. Akasema lazima wahalifu wajulikane, akakaza uso, akaanza kuja.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akapepesuka. Ya nne akaziona vizuri, zile tai zake, zimelala kwenye zege kama matumbo.

Ya tano akatapika. Moja kwa moja kwenye viatu vyake vinavyong'aa.

Nikasimama nikachota mchanga, nikaufunika ule uchafu wake. Simchukii mtu kwa kutapika, ni kazi yangu. Aliinama pale, tai yake ya hariri inaning'inia, na kwa mara ya kwanza marashi yake hayakusaidia kitu.

"Kitu kilichotoka kwenye chemba hakirudi ofisini," yule mama akasema. "Mimi ni mtu wa hospitali, hilo ninalijua. Binti, kachome zote. Sasa hivi."

"Lakini namba..." Bwana Pasi akasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Kachome."

Nikazipeleka shimo la taka la maseremala, nikamwagia mafuta ya taa, nikazitia moto. Zilichelewa kushika. Mshono ule, bwana, hata moto ulilazimika kubembeleza.

Niliporudi, ukumbi ulikuwa unatoka. Nafasi zote kumi zimeshagawiwa. Mpole alikuwa amepata, anakumbatia barua yake kama kifaranga. Mimi nikaanza kukunja waya wangu, sitazami mtu.

Yule mama akanifuata.

"Barua yako nitakuandikia mwenyewe ofisini kwangu. Jumatatu, saa moja asubuhi. Uje na nguo za kazi."

Akafika mbali kidogo, akageuka.

"Unajua ninazosema."

Mngependa iishie hapo. Hata mimi ningependa. Lakini tangu mwanzo kuna swali moja hamkuniuliza, na yeye peke yake ndiye aliyeniuliza.

Jumatatu ile tuliteremka chini ya jengo la hospitali, kwenye mabomba mazito kuliko kiuno changu. Akanipa glavu. Akasema, bila kunitazama:

"Yako ilikuwa namba ngapi?"

Nikaendelea kuvaa glavu.

"Tisa, mama."

"Nilijua. Mtu anayesema kitu hakisomeki huwa ameshakisoma."

Ndiyo. Asubuhi ile, kabla sijaingia ukumbini, niliingia choo cha katikati. Nikawaza mabenchi ya nyuma kushoto. Nikawaza picha. Nikaivua ile tai. Mfukoni ningeificha wapi na mifuko imeshonwa? Mapipa ya taka yako wazi, mlinzi anayaona. Nikaisukuma shimoni, nikamwaga ndoo mbili za maji, nikatoka nikiwa na shati jeupe tu, kama watu wengine. Mlinzi akaniambia keti popote. Nikaketi karibu na mlango.

Mimi! Fundi bomba mzima! Ninayejua kuliko mtu yeyote chuoni kwamba kitambaa hakipiti! Tena kitambaa alichokishona mama yangu!

Nilipoona maji yanakuja chini ya mlango, sikushangaa. Nilijua ni mimi. Nikaenda kwenye ile chemba nikitafuta tai moja.

Nikatoa kumi na nne.

Na tulioazima nguo pale chuoni, wote, wavulana kwa wasichana, tulikuwa kumi na wanne.

Nilizisoma zote nilipokuwa natia moto. Namba tatu ilikuwa ya Mpole. Mpole! Kila mmoja aliingia peke yake, akafunga mlango, akatupa, akamwaga maji, akatoka akijiona mwizi. Kila mmoja akidhani ni yeye tu duniani anayeona aibu.

Bwana Pasi alikuwa na daftari. Lakini kumwadhibu mmoja ilibidi awaadhibu wote, tena aeleze kwa nini mbele ya waajiri waliokwisha kuchukua baadhi yetu. Muhula haukuisha, akahamishiwa ofisi isiyo na wanafunzi.

Mama mdogo nilimwambia ukweli wote nilipomaliza mafunzo. Namba tisa, machungwa, mabenchi ya nyuma, choo. Alisikiliza cherehani ikiwa imesimama.

"Zilifumuka?" akauliza.

"Hata moja, mama."

Akavua futi shingoni, akaikunja, akaiweka mezani. Sijawahi kumwona bila futi.

Kesho yake alichukua wembe akaenda chuoni. Akaketi sakafuni pale stoo na mama wa stoo, wakafumua mifuko ya suruali moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Alirudi vidole vimekatikakatika.

"Mshono wangu mgumu," akasema. "Nimeuona leo."

Siku hizi mimi ni fundi kamili, na sindano za mama mdogo bado namtungia, ila sasa ni jioni nikitoka kazini. Watu huniuliza kama kazi hii hainitii kinyaa. Huwa nawajibu kwamba uchafu wa chemba nanawa kwa sabuni mara mbili, nakula.

Ule mwingine bado sijapata sabuni yake.

Kwa hiyo wewe mwenye stoo, mwenye ofisi, mwenye cha kutoa: ukimpa mtu nguo, mpe na mfuko wake. Ukitaka kumtia alama ndipo umpe, basi kaa nayo. Akibaki na ovaroli yake, angalau hiyo ni yake.